Kumfundisha mtoto huduma za mtaani: anza na bomba la uani

Juzi kati maji yalikatika siku tatu huku kwetu Dar, siku ya pili binti yangu wa miaka 5 akaniuliza, "mama, maji kayaficha nani?" Nikacheka halafu nikajistukia, kumbe mtoto anajua maji yanatoka kwenye simtank basi, ya nyuma ya hapo hana habari. Tangu siku hiyo namfundisha haya mambo, maji, taka, zahanati, zimamoto, na nimeona kabisa kwamba ukimkalisha ukaanza "serikali inatuletea huduma" umepoteza muda, macho yako kwenye katuni. Shika kitu kimoja anachokigusa kila siku, ukifuate kwa nyuma mpaka umfikie mtu anayekifanyia kazi. Kimoja tu, wiki nzima.

Sisi tulianza na maji. Tukafuata bomba kwa miguu mpaka kwenye mita, nikamuonyesha mshale unavyozunguka mtu akifungua koki, akawa anakimbia kufungua na kurudi kuangalia mara kumi hivi (mwache akimbie, hapo ndo kinamwingia). Ndo nikampa stori: maji mengi ya Dar ni ya mto Ruvu, na Ruvu unaanzia kule milima ya Uluguru, yanasafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini halafu yanasukumwa mpaka matangi makubwa ya Kibamba na Chuo Kikuu, ndo yatufikie sisi. Mkiwa na safari ya Morogoro usimwache alale, ukivuka daraja la Ruvu mwamshe aone yale maji yalivyo na tope.

Tope hilo unaweza kumfanyia jikoni. Chukua chupa mbili, jaza maji, tia udongo kidogo, moja wapo weka shabu iliyosagwa, ncha ya kijiko tu, tikisa zote halafu ziweke dirishani mkaendelee na mambo yenu. Mkirudi yenye shabu tope limeshuka chini, nyingine bado chai ya maziwa. Mwambie mtamboni wanaanza hivyo hivyo, kisha wanatia klorini ya kuua vijidudu, kwa hiyo haya ya kwetu hayanywewi, ni ya kuangalia tu. Wa kwangu aliomba arudie na unga wa ngano. Tuliacha.

Wiki ya taka ni rahisi zaidi. Kiroba kimoja, na kila jioni mtoto ajaribu kukinyanyua aone kilivyozidi uzito, mpaka siku gari linapita. Hela ya taka mpe yeye amkabidhi mwenyewe kaka wa taka, risiti apokee yeye, ajue hii kazi inalipiwa na hela inatoka humu ndani. Amsalimie pia, shikamoo ni ya kila mkubwa sio ya wageni waliovaa vizuri tu. Taka zikitoka hapo zinaenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Na masika yakianza mpeleke akaone mtaro uliozibwa na chupa na mifuko jinsi maji yanavyopanda barabarani, hapo hata huna haja ya kueleza sana.

Sasa kuna hili, na mimi mwenyewe nilikuwa na hatia. Acheni kutishia watoto na hawa watu. "Usipokula namuita daktari akuchome sindano", "polisi huyo anakuja kukuchukua", "nakupa kwa mtu wa taka akutie kwenye kiroba". Nilisema sana, matokeo yake wa kwangu alikuwa anaanza kulia tukiwa bado kwenye geti la zahanati, na siku ambayo kweli atapotea sokoni akamkimbia askari utamlaumu nani? Kurekebisha ilinichukua muda. Nilitoa kadi yake ya kliniki nikamuonyesha, hapa ulichanjwa surua una miezi 9, hapa tena miezi 18, na hii alama ya begani ni ya chanjo ya kifua kikuu, tazama na ya mama hii hapa. Nikamwambia mtoto mchanga wa jirani hajafika miezi 9, bado hajachanjwa surua, kwa hiyo wewe usipoumwa na yeye unamkinga. Hiyo ilimgusa kuliko yote, siku hizi mdoli wake ana kadi na anachanjwa kila asubuhi, maskini.

Zimamoto fundisha namba: 114, na polisi 112. Fanyeni mazoezi kwa simu iliyozimwa, usimpe inayofanya kazi, atapiga kweli na atawachezea watu walio kazini. Namba peke yake haitoshi lakini, lazima aseme jina lake, jina la mtaa, na alama ya kufikia nyumba, maana nyumba nyingi huku zinafikika kwa kuelekezana tu. Wa kwangu mara ya kwanza alijibu kwa kujiamini, "kwetu ni karibu na duka la mangi". Mtaa wetu una mangi wanne. Tukabadilisha, sasa anasema geti la bluu mkabala na msikiti, na kila Jumapili namuuliza tena ghafla akiwa anakula.