Kuzuru nyumba ya Karen Blixen ukiwa na kitimwendo

Nyumba hii ya mawe ya mwandishi Mdenmarki Karen Blixen, ambayo sasa ni makumbusho, iliyojengwa 1912 karibu na vilima vya Ngong, Nairobi, haina ghorofa. Kwetu tunaotembea kwa magurudumu, hiyo ni habari njema kuliko zote.

Kazi kubwa ifanye kabla ya kutoka nyumbani. Pima upana wa kiti chako, uongeze nafasi ya vidole vya mikono, kisha pigia makumbusho simu. Usiulize kama "panafikika", maana utajibiwa ndiyo. Uliza vidato ni vingapi, kila kimoja kina kimo gani, mlango mwembamba kuliko yote una sentimita ngapi. Na choo je?

Ukiwa na rampu ya kukunja, hesabu ni moja kwa kumi na mbili: kidato cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180. Ikiwa fupi zaidi, panda ukitazama mbele na ushuke kinyumenyume, msaidizi akikaa upande wa chini daima.

Nenda asubuhi, siku ya kazi, ili mwongozaji asiwe na haraka. Mvua za Aprili na Novemba hulainisha nyasi na magurudumu huzama, kwa hiyo futa matope kabla ya kuingia. Sakafu ni ya mbao. Mwenzako asiyeona aombe kusimuliwa kila chumba kwa utulivu.

Ombeni bila kuona haya. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiwango kinachofaa.