Ukitafuta ukoo Marekani, anza na orodha za kaunti

Wakwe zangu ni Wamarekani Weusi wa Hattiesburg, Mississippi, na kazi ya kutafuta nyaraka za wazee wao ni yangu. Wengi huanza kwa kuandika jina kwenye intaneti. Mimi hutafuta kwanza daftari la kaunti ambamo jina liliandikwa, jina baadaye.

Daftari utalijua kupitia Historical Records Survey, mradi ulioanzishwa mwishoni mwa 1935, enzi ya Rais Franklin Roosevelt, kuwapa kazi watu wasio na ajira. Mkuu wake alikuwa Luther Evans, aliyekuja kuongoza UNESCO. Watu wake waliingia vyumba vya chini na darini katika majengo ya mahakama, wakafuta vumbi, wakaorodhesha kila kitabu walichokikuta. Nawashukuru sana watu wale.

Orodha zao zinaitwa Inventory of the County Archives. Nyingi zimo HathiTrust na Internet Archive, maktaba za mtandaoni. Tafuta jina hilo pamoja na la jimbo na kaunti.

Ukiipata orodha, soma kwanza humo historia ya mipaka ya kaunti. Kaunti ya Forrest, ilipo Hattiesburg, ilimegwa kutoka kaunti ya Perry mwaka 1908. Ndoa ya 1895 ukiitafuta Forrest utakesha bure.

Kisha nenda kwenye sehemu ya orodha inayohusu nyaraka za karani wa kaunti. Kila daftari limepewa namba, halafu jina lake, miaka, idadi ya juzuu, lilivyopangwa, kama lina faharasa, na chumba lilimokuwa. Hapo usiwe na haraka. Tafuta neno “Colored”, maana kaunti nyingi za Kusini ziliandikisha ndoa za Weusi katika vitabu vya peke yake. Ukiambiwa jina halipo, uliza wameangalia kitabu kipi! Mara nyingi ni kile cha Wazungu tu.

Sasa mwandikie karani. Usiombe “habari za familia”; taja jina kamili la daftari, miaka, na jina la bwana harusi, kwa kuwa faharasa nyingi za ndoa hufuata mwanamume.

Kama orodha ya kaunti yako haikuchapishwa, usikate tamaa. Mradi ulifungwa 1942 kazi ikiwa haijaisha, na karatasi nyingi za wale waorodheshaji zikabaki kwenye hifadhi za nyaraka za majimbo. Waulize huko. Karani naye akisema daftari limehamishwa, mwombe namba yake mpya, uiandike kando ya ile ya zamani.