Ni huruma au muhali? Jichunguze kabla hujakabidhiwa kikundi

Mie ni mwenyekiti wa kikundi cha hisa, cha kuweka akiba na kukopeshana, huku Kusini Unguja, tuko ishirini na tano, wengi wetu walima mwani, na kila nkiitwa semina ya uongozi habari ni ile ile, "jueni tunu zenu binafsi", tunapewa karatasi sote tunaandika uaminifu, haki, upendo, tunakula wali tunarudi kwetu. Sijamuona bado alieandika roho mbaya. Na ile karatasi siku ya siku haikusaidii kitu, ntakwambia kwa nini.

Sanduku la hisa lina makufuli matatu, funguo wanazo watu watatu mbali mbali na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne, linafunguliwa mbele ya wanachama siku ya kikao tu. Mtindo huu shirika la misaada la CARE waliuanza Niger mwaka 1991 ndo ukasambaa mpaka huku kwetu, na ujanja wake wote upo hapo hapo, asiwepo mtu wa kuamua peke yake. Haya, usiku mmoja kaja wifi yangu analia, mtoto kashikwa na homa, anataka laki mbili, na kikao bado siku nne maana ilikuwa bamvua, watu wote mchana wako pwani kwenye mwani. Nikawapigia wenye funguo, wote watu wangu, wakaona tabu kunikatalia, saa tano ya usiku tunafungua sanduku kwa tochi ya simu. Pesa ikarudi yote tena mapema. Lakini haikupita wiki mbili, mama mmoja mtu mzima kaja na shida ya mjukuu, sawa sawa na ile, mie nikamwambia bi mkubwa subiri kikao, ndo utaratibu. Akanitizama, akasema "haya mwanangu", akavuta kanga yake akaondoka. Kumbe habari ya tochi anayo zamani.

Mie nilikuwa najiita mtu wa huruma. Ingekuwa huruma kweli ingemfikia na yule mama. Ile ilikuwa muhali, na sie Wazanzibari muhali tunaujua, unaona kabisa jambo halifai lakini fulani ndugu, fulani jirani, tumekula pamoja, unashindwa kusema hapana. Ukiwa mtu wa kawaida unakula hasara mwenyewe. Ukiwa kiongozi wanaokula hasara ni wengine.

Kwa hiyo ukitaka kujijua, karatasi ya maneno mazuri iweke pembeni, chukua daftari uandike maamuzi kumi uliyofanya miezi mitatu iliyopita, nani ulimwambia ndio, nani ulimwambia hapana, na ulichukua muda gani kumjibu. Muda usiusahau, ndo unaosema. Mie watu wa nyumbani niliwajibu papo hapo, wa mbali niliwatajia katiba ya kikundi. Halafu andika na vilivyokukasirisha. Nilijikuta nnamfokea zaidi alochelewa kikao kuliko alodanganya biashara ya mkopo wake, yaani mie nidhamu iko juu ya ukweli, aibu lakini ndo nilivyo na bora nimejua. Ukimaliza mpe daftari mtu akusomee, asiwe rafiki yako.

Pili, na hapa ndo pagumu, zigonganishe hizo tunu. Mtaalamu mmoja wa saikolojia, Shalom Schwartz, mwaka 1992 alizipanga tunu za watu mafungu kumi kwenye duara, zilokaa jirani zinasaidiana, zinazotazamana zinavutana. Huku kwetu zinazovutana kila siku ni stara na uwazi. Mwanachama hajarejesha miezi miwili, na wewe unajua mumewe kamwacha na watoto, utalisema kikaoni? Ukinyamaza umewaficha watu hesabu ya pesa yao, ukisema umemvua nguo mwenzio. Mie nlihangaika nalo hili mpaka nikaona ni vitu viwili tofauti tunavichanganya. Deni ni la kikundi, linasomwa kwa sauti kama la mtu yeyote, ila sababu ni yake, akitaka ataisema mwenyewe asipotaka hakuna wa kumuuliza. Usingoje likufike, kaa ufikirie mapema, maana mbele ya watu ishirini na tano wanaokutizama huwezi kufikiri.

Ujue pia kuwa tunu inakugharimu kwa watu wako kabla ya maadui. Novemba 2009 Maalim Seif wa CUF, chama cha upinzani, alipokaa na Amani Karume, Rais wa Zanzibar wakati ule, kuanza maridhiano, kwenye chama chake mwenyewe si wote waliolipokea vizuri, ingawa baadae, Julai 2010, kwenye kura ya maoni ya serikali ya umoja waliosema ndio walikuwa kama asilimia 66. Siasa sizitaki hapa, nnakuonyesha tu wa kukununia mwanzo ni nani.

Mwisho liseme, na ulisema kabla halijatokea. Mie nlisimama kikaoni nikasema jamani mie nna ugonjwa wa muhali, ndugu yangu akiomba mkopo mie natoka nje, aamue makamo na nyie. Walicheka weee. Lakini wifi alipokuja tena hakuninunia, alishajua si chuki. Na ile huruma tukaitafutia njia yake, kwenye mfuko wa jamii, ule wa kikundi wa kusaidiana, tunatenga elfu hamsini inakaa nje ya sanduku, anaeuguliwa usiku anapewa hapo hapo, kiasi kile kile, awe wifi wa mwenyekiti awe nani. Haitoshi kila mara, najua.

Na wenye funguo tukawabadilisha, mmoja saivi anao yule bi mkubwa. Juzi nikamfata, shikamoo, nimesahau miwani yangu ndani ya sanduku, tuwaite wenzetu tufungue mara moja tu. Akaniambia subiri kikao.