Cheni na baa ya chensoo ya cc 50 hadi 60: namba tatu kwanza, urefu baadaye

Ukifika dukani ukasema "nipe cheni ya inchi 20", umemruhusu muuzaji abahatishe. Chensoo za cc 52 na 58 zilizojaa masokoni kwetu (Kenya wanaziita pawasoo) mara nyingi huja na baa (bamba refu linalobeba cheni) ya inchi 20. Namba tatu za cheni yake ni pichi (wastani wa nafasi kati ya ribiti) ya inchi 0.325, geji (unene wa jino la chini) ya milimita 1.5, na meno ya chini 76, yaani yale yanayozama kwenye mfereji wa baa. Chukua chensoo ya Husqvarna yenye baa ya inchi 20 na pichi hiyohiyo: meno 80. Kila jino la chini linabeba milimita 16.5 za cheni, kwa hiyo tofauti ya meno manne inaisogeza baa milimita 33. Skrubu ya kukazia haina nafasi hiyo.

Zima injini, toa waya wa plagi, vaa glavu.

1. Soma baa. Karibu na tundu la kufungia pamechapwa pichi, geji na idadi ya meno. Futa oili kwa petroli kidogo, uangalie kwa tochi. Kama maandishi yamefutika, pima mwenyewe.

2. Pichi. Chagua ribiti tatu zinazofuatana. Pima kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya tatu, ugawe kwa mbili. Ukipata milimita 16.5 kabla ya kugawa, cheni ni ya inchi 0.325, ukipata karibu milimita 18.6, ni ya inchi 3/8. Sproketi iliyo kwenye klachi na kigurudumu cha puani mwa baa lazima viwe vya pichi hiyohiyo. Cheni ya 0.325 kwenye sproketi ya 3/8 hupanda juu ya meno, huruka, na vyote viwili huharibika. Tahadhari nyingine: kuna 3/8 ya kawaida na 3/8 fupi ya mashine ndogo. Namba ni moja, cheni ni mbili tofauti.

3. Geji. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Geji ni unene wa jino la chini, lile linalozama kwenye mfereji wa baa: milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Pima jino kwa kipimo cha venia. Usitegemee mfereji wa baa kuukuu, kwa sababu umeshapanuka. Cheni ya 1.6 haiingii kwenye baa ya 1.5, na asiyejua huupanua mfereji kwa bisibisi, akaua baa. Kinyume chake ndiyo mtego wenyewe: cheni ya 1.5 inaingia vizuri kwenye baa ya 1.6, chensoo inawaka, inakata, mteja anafurahi. Lakini cheni inalala upande, gogo linakatika kwa kupinda, na ukingo mmoja wa baa unalika kuliko mwenzake. Sehemu ya kumi ya milimita tu hiyo.

4. Hesabu meno ya chini. Usihesabu meno ya kukatia. Tia alama ya chaki kwenye jino moja, hesabu mawili mawili mpaka urudi kwenye chaki, kisha rudia. Cheni kuukuu iliyotanuka haibadilishi hesabu, ndiyo maana kuhesabu ni salama kuliko kupima urefu kwa futi.

5. Urefu wa baa. Kwa cc 50 hadi 59, inchi 16 hadi 18 ndipo injini inapumua. Inchi 20 ni mwisho wake, na iwe kwa paini au mti laini mwingine. Ukiizamisha yote kwenye mkaratasi mkavu, mizunguko inashuka, klachi inateleza na kuungua, na pampu haifikishi oili ya kutosha puani. Gogo la sentimita 70 linakatika kwa baa ya inchi 18 ukiingia pande mbili.

Baa mpya ilaze juu ya ile ya zamani: tundu la kufungia, tundu la skrubu ya kukazia na tundu la oili vyote vilingane. La oili likizibwa na mwili wa mashine, baa hubadilika rangi kuwa bluu siku hiyohiyo.

6. Umbo la jino la kukatia. Jino lenye kona kali hukata haraka kwenye paini safi, kama ya mashamba ya Sao Hill, lakini likigusa mchanga mara moja ni butu. Jino lenye kona ya mviringo ni polepole kidogo na linavumilia. Kwa mnazi, mti mkavu, gogo lililoburutwa kwenye matope, na mvule (ambao huficha mawe ndani ya mbao), chukua la mviringo bila kubishana. Tupa ya 0.325 ni milimita 4.8, ya 3/8 ni 5.2. Pembe ya kunolea ni digrii 30, na kinundu kilicho mbele ya jino kiwe chini yake kwa milimita 0.65.

7. Kufunga. Makali ya upande wa juu wa baa yaelekee puani. Legeza nati, inua pua ya baa kwa mkono, zungusha skrubu mpaka cheni iguse tumbo la baa na bado ivutike kwa mkono. Kaza nati pua ikiwa bado imeinuliwa. Endesha dakika chache bila kukata, ipoe, ukaze tena.

Maswali ya wanachama

*Fundi, cheni ni mpya lakini inakata kuelekea kulia.*
Ikiwa haijawahi kunolewa, angalia baa. Isimamishe juu ya kioo au bamba lililonyooka: ikiegemea upande, kingo hazilingani. Zisawazishe kwa tupa bapa. Kama cheni inalala sana ukiisukuma kwa kidole, mfereji umepanuka, badilisha baa. Baa nzuri pia igeuze juu chini kila unaponoa. Kwa cheni iliyokwisha kunolewa, chensoo huvuta kuelekea upande wenye meno marefu au makali zaidi.

*Naweza kuhamia 3/8 kwenye cc 58?*
Utabadilisha vitu vitatu: sproketi, baa na cheni. Cheni ya 3/8 hufungua njia pana zaidi kwenye mti, na injini hiyo haina nguvu ya ziada ya kuilisha. Baki na 0.325.

*Oili chafu ya gari inafaa kwa baa?*
Hapana. Ina chembe za chuma zinazosaga mfereji na kula pampu. Tumia oili ya cheni inayonata. Kuijaribu, elekeza pua kwenye kisiki cheupe kwa umbali wa sentimita 20, ongeza moto: mstari wa oili uonekane. Usipoonekana, safisha tundu kabla ya kulaumu cheni.

*Nataka kupasulia mbao kwa mashine hiihii.*
Tenga cheni moja, uinoe kwa digrii 10 badala ya 30. Uso wa mbao utatoka laini zaidi. Ila kupasua kwa urefu hulemea injini muda wote, na cc 58 itachemka. Pumzisha mara kwa mara. Kwa kazi ya kila siku tafuta cc 70 na kuendelea.

*Sproketi nibadilishe lini?*
Mikwaruzo ya meno ikifika nusu milimita. Wengi hufunga mpya kila baada ya cheni mbili, na hizo mbili wanazizungusha kwa zamu zichakae pamoja. Na ukimaliza kazi, legeza cheni: ikipoa hujikunja, na ikiwa imekazwa ikiwa ya moto inaweza kuumiza beringi ya krenkishafti.