Mume amekutelekeza? Dai matunzo sasa, usisubiri talaka

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na wanawake wengi waliotelekezwa ninaowapokea huanza na neno hili: "Nasubiri itimie miaka mitatu." Hapana, dada yangu. Miaka mitatu ya kutelekezwa imetajwa kwenye kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na ni habari ya talaka. Matunzo ni deni la leo. Kifungu cha 63 kinamtaka mume ampe mkewe makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake, na kifungu cha 115 kinaipa mahakama mamlaka ya kumwamuru alipe akikaidi au akimtelekeza. Ndoa inabaki pale pale, na wewe unabaki mke. (Naeleza ya Tanzania Bara.)

Hatua ya 1: Thibitisha ndoa. Chukua cheti. Kama hakipo, tafuta waliokuwepo mahari ikitolewa, picha za harusi, na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kama mliishi tu pamoja, usikate tamaa: kifungu cha 160 kinasema mkikaa miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, sheria inadhania mmeoana. Hata dhana hiyo ikipingwa na kuanguka, bado unaruhusiwa kuomba matunzo yako na ya watoto.

Hatua ya 2: Andika daftari. Hapa ndipo kesi nyingi zinaposhinda au kufa. Kusema "ananitesa, hanitunzi" hakumpi hakimu kitu cha kuandika. Nunua daftari la shule, chora mistari, kisha kila jioni andika tarehe, kitu na bei: unga, mafuta ya kula, mkaa, kodi ya chumba, dawa, nauli, deni la dukani kwa Mangi. Fanya hivyo mwezi mzima bila kuongeza chumvi. Mama mmoja niliyemsindikiza alifika na daftari lililolowa mafuta ya taa pembeni. Mume alipodai kwamba mkewe anataka hela za anasa, hakimu alilifungua akaanza kusoma kwa sauti: dagaa, sabuni ya kipande, mkaa wa kopo. Mume aliinamisha kichwa. Sijausahau ukimya ule.

Pembeni andika unachojua kuhusu kipato chake: anafanya kazi wapi, ana bodaboda ngapi, shamba, nyumba ya kupangisha. Tunza meseji na miamala ya simu, hasa inayoonyesha mwezi aliotuma fedha mara ya mwisho.

Hatua ya 3: Fungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Shauri huendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kujisimamia bila wakili. Karani atakuelekeza namna ya kuandika madai na ada ya kulipa. Kama ada inakushinda, mwambie mapema, au pitia kwanza kwa watoa msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Ukiambiwa ulete hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, jibu kwa adabu kwamba hati ile ni sharti la kuomba talaka, na wewe huombi talaka. Taja kiasi unachoomba kwa mwezi, na kitokane na daftari.

Hatua ya 4: Samansi, yaani hati ya kumwita mume mahakamani. Toa maelekezo kamili ya alipo mume, mpaka jina la balozi wake na namba ya simu.

Hatua ya 5: Siku ya kusikilizwa. Kwa kifungu cha 116, mahakama hupima kipato na mahitaji ya kila mmoja, nani alisababisha mfarakano, na mila za jamii yenu. Kwa hiyo eleza aliondokaje: tarehe, alichobeba, alichosema mlangoni. Lete shahidi aliyeona.

Ukisikia anatafuta mnunuzi wa nyumba mnayoishi, usingoje hukumu. Kifungu cha 59 kinamzuia kuiuza bila ridhaa yako. Omba msaada wa kuweka zuio siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Kaza hukumu. Omba nakala ya amri. Asipolipa, rudi kwa karani uombe kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa. Kila malipo yaliyokosekana yaandike kwenye daftari lile lile, na maisha yakipanda au kipato chake kikibadilika sana, omba kiasi kiangaliwe upya.