Namna ya kuongoza ziara ya Seyyid Barghash Mji Mkongwe

Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ameacha majengo, mkataba na kaburi. Wageni wengi humaliza matembezi ya Mji Mkongwe wakiwa wamemwona nusu tu: ama mjenzi aliyeleta maji ya bomba, ama sultani wa watumwa. Maelekezo haya ni ya walimu na watembeza wageni wanaotaka kundi lao limwone mzima kwa asubuhi moja.

Chukua watu 12 hadi 15 kwa kiongozi mmoja. Wakizidi, vichochoro vitawakata, na wa nyuma hawatasikia neno. Anzeni saa mbili na nusu asubuhi, mmalize kabla ya adhuhuri. Ijumaa iacheni.

Kabla ya kutoka, mpe kila mmoja karatasi yenye miaka hii tu: 1856, Seyyid Said baba yake Barghash anafariki, 1859, Barghash anajaribu kunyakua kiti cha kaka yake Majid na kupelekwa Bombay, 1861, Zanzibar na Oman zinatenganishwa, 1870, anashika kiti, 1872, kimbunga kinaangusha mikarafuu ya Unguja, 1873, mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia kuwasafirisha baharini, 1876, anapiga marufuku misafara ya watumwa ya bara, 1883, anajenga jumba la Beit al-Ajaib, 1897, utumwa wenyewe unaondolewa kisheria, yeye akiwa amekufa miaka tisa nyuma. Miaka miwili ipigiwe mstari: 1873 na 1897. Karibu kila kosa linalosemwa kwenye ziara hizi linatokana na kuichanganya.

Njia ianzie Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib. Sehemu ya jengo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo pangeni kuzungumza mkiwa nje. Msianzie Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Kundi lililoanza na minyororo halisikii kingine chochote baada ya hapo, na majengo yote yanayofuata huonekana kama utetezi. Hapa Forodhani uliza swali moja: jengo hili lililipiwa na nani? Usilijibu. Waandike makisio yao nyuma ya karatasi, kisha mwendelee.

Kituo cha pili ni makaburi ya kifalme kando ya kasri la Beit al-Sahel, dakika kumi zinatosha. Kasri hilo lilibadilishwa jina kuwa Kasri la Watu baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na mwaka 1994 likawa makumbusho. Sema hivyo waziwazi. Kiongozi anayeruka 1964 kwa kuogopa siasa huacha shimo ambalo wanafunzi hulijaza wenyewe kwa walichosikia nyumbani. Eleza pia kwamba huko Muscat, mji mkuu wa Oman, ambako zipo familia zinazozungumza Kiswahili hadi leo, Barghash husimuliwa zaidi kama mjenzi, na kwamba simulizi ya Mapinduzi iliwaweka masultani wote kapu moja la wanyonyaji. Usiamue baina yao hapo makaburini.

Hamamni ni pa kupita na kutazama. Bafu hizi za umma ni za enzi yake.

Mkunazini ndipo penye kazi. Tenga saa nzima. Kanisa kuu la Anglikana limesimama palipokuwa soko lililofungwa 1873. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Sasa rudisheni swali la Forodhani. Jibu lina tabaka, nawe litoe moja moja. Hazina ya sultani ilitegemea ushuru wa forodha, na ukusanyaji wake ulikodishwa kwa wafanyabiashara Wahindi, akiwemo Taria Topan. Ushuru ulitoka kwenye karafuu na pembe za ndovu. Karafuu zilichumwa na watumwa. Pembe zilitoka bara kwa misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi, na nyingi ziliishia Connecticut, Marekani, kuwa vipande vya kinanda. Huku zikarudi nguo za merikani, ambazo jina lake bado tunalo. Halafu wape hesabu: Beit al-Ajaib ilijengwa miaka kumi baada ya soko kufungwa na miaka kumi na minne kabla ya utumwa kuondolewa kisheria. Hapa ndipo kundi hunyamaza. Liache linyamaze.

Mambo yanayoharibu kituo hiki tunayajua. La kwanza ni kusema "Waarabu waliuza, Waafrika waliuzwa". Sentensi hiyo inawafuta wenye mitaji, wanunuzi wa ng'ambo na wakuu wa misafara wasiokuwa Waarabu, tena inawaelekezea vidole watoto waliomo darasani. La pili ni vyumba vya chini ya ardhi wanavyoonyeshwa wageni hapa. Jengo lililo juu yake ni la wamisionari, la baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wanabishana kama watumwa waliwahi kufungiwa humo. Sema "inasemekana", kisha eleza kwa nini unasema hivyo. La tatu ni idadi: usitaje hesabu yoyote ya watumwa bila mwaka wake na aliyehesabu, maana karani wa forodha alihesabu waliolipiwa ushuru, na waliopitishwa kwa magendo hawamo. Na mwanafunzi asivishwe mnyororo kwa ajili ya picha. Wala asiulizwe ukoo wake ulikuwa upande gani. Katika darasa moja la Unguja mnaweza kuwa na vitukuu vya pande zote.

Ukiwa na nakala, soma sauti mbili kwa sauti: vifungu vya mkataba wa 1873, na maneno ya Salme, dada yake Barghash, ambaye kumbukumbu zake zilichapwa kwa Kijerumani 1886. Waonye wasikilizaji: Salme alimsaidia kaka yake 1859, kisha wakahasimiana, kwa hiyo anaandika akiwa na donda. Simulizi za watumwa wenyewe nyingi zilipita kwenye kalamu za wamisionari, nazo zichujwe vilevile.

Zoezi la mwisho: kila watu watatu waandike kibao cha maneno 60 cha kuwekwa Beit al-Ajaib. Masharti ni manne: miaka isiyopungua miwili, aliyetoa kazi atajwe, aliyetoa fedha atajwe, na kusiwe na "mkuu", "katili" wala "mashuhuri". Utaona vibao vingi vinaanguka kwenye kitenzi kimoja, "alikomesha". Barghash alitia saini mkataba ule baada ya balozi John Kirk kumletea tishio la manowari za Kiingereza kuzingira kisiwa, na alichozuia ni biashara, si utumwa. Hata sheria ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, na masuria waliachwa nje hadi 1909. Rudisha vibao hivyo, wabadilishe kitenzi, wahesabu tena maneno.