Kupima hatari ya maafa kwenye kata: tunavyofanya Kigoma

Huhitaji kompyuta kuanza kazi hii. Unahitaji daftari, futi kamba, simu inayoonyesha mahali ulipo, na mwenyekiti wa mtaa anayekubali kutembea.

Hatua ya 1: Tenganisha janga na hatari

Janga ni tukio: mvua kubwa, radi, ziwa kupanda. Hatari ni janga hilo likimkuta mtu asiye na kinga. Mvua ileile inayomfurahisha mwenye shamba la mihogo mlimani ndiyo inayomtoa mtu kitandani bondeni Katubuka. Ukichanganya haya mawili, utaandika "mafuriko" kwa kata nzima, na ripoti haitamsaidia yeyote.

Hatua ya 2: Kaa na wazee

Usiulize "mwaka gani?" Uliza maji yalifika wapi, kisha uliza nani alikuwa amezaliwa au uchaguzi upi ulikuwa umepita. Miaka utaipata mwenyewe.

Kwa ziwa letu hatua hii usiiruke. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, na kina chake kimekuwa kikipanda na kushuka kwa vizazi. Nenda Ujiji, pale penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley kukutana mwaka 1871: siku hizo ufuko ulikuwa karibu, leo ni mwendo wa miguu kufika majini. Kwa hiyo kijana akikwambia "hapa maji hayajawahi kufika", anakueleza umri wake.

Hatua ya 3: Tembea wakati wa mvua

Hapa nilikosea. Ramani yangu ya kwanza niliichora Agosti, nikaita korongo moja "njia ya watoto wa shule". Machi lilikuwa mto. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, tembea humo. Pima alama za tope ukutani kutoka sakafuni, andika kwa sentimita, na uhifadhi mahali kwenye simu. Tazama pia makalavati yaliyoziba taka. Mara nyingi mafuriko ya mtaa mzima huanzia kwenye kalavati moja.

Hatua ya 4: Hesabu watu, kisha vyoo

Nani yuko kwenye njia ya maji? Wazee wanaoishi peke yao, wenye ulemavu, waanika dagaa mialoni. Vyoo vya shimo wengi huvisahau. Vikifurika karibu na kisima, maafa ya pili ni kipindupindu.

Hatua ya 5: Toa alama

Kwa kila janga, toa 1 hadi 5 kwa uwezekano wa kutokea, na 1 hadi 5 kwa madhara. Zidisha. Maji kuingia nyumbani yakipata 5 na 3, ni 15. Radi ikipata 4 na 3, ni 12.

Tetemeko litakusumbua. Likipata 1 na 5 linabaki na 5, linazama chini ya orodha. Lakini tuko kwenye Bonde la Ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea kwenye Ziwa Tanganyika. Mimi huliweka kwenye safu yake peke yake, pamoja na idadi ya madarasa ya tofali yasiyo na mkanda wa zege juu ya kuta. Wengine hubishana nami kuhusu hili. Wabishane.

Hatua ya 6: Irudishe mtaani kabla ya kuipeleka wilayani

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Wasomee alama zako kwenye mkutano. Akina mama watakusahihisha, hasa kuhusu njia ya kukimbilia usiku. Futa, andika upya, bandika nakala ofisi ya mtendaji, halafu Oktoba rudi na futi kamba ileile.